Utando Chini ya Uzio

Kisima cha mama mkwe wangu kilikauka tarehe tisa Februari, mvua ikinyesha. Ilikuwa imenyesha siku sita mfululizo, mvua nzito ya nyanda za juu, na kila ilipokatika, baada ya saa moja vumbi lilianza kutimka barabarani. Ndani ya kisima chenye kina cha futi arobaini hakukuwa na maji ya kujaza kikombe.

Nilikwenda Idunda Jumamosi asubuhi na kamba, tochi na ndoo. Mimi ni fundi bomba wa Chuo Kikuu cha Lihanga, kilomita mbili juu ya kijiji. Shule niliishia darasa la saba. Maji nayajua kwa mikono.

"Kamwene, mkwe," nilisema nikiwa bado nje ya ua.

"Kamwene, Baba Yusta. Pita. Ila leo sina hata maji ya kukunawisha."

Bi Oresta alisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa kati yetu, akaongea akitazama zizi la mbuzi. Mwanawe Zakayo, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, hakuwa na adabu hizo. Mimi ni mume wa dada yake, kwa hiyo ana ruhusa ya kunisema.

"Fundi wa chuo huyu hapa," alisema. "Sisi tunangoja bomba, shemeji katuletea kamba. Tujinyonge?"

"Shika huku mwisho. Ukiniachia, utamlisha dada yako mwenyewe."

"Basi nashika kwa mikono miwili."

Aliponishusha alinieleza kwamba hata mianzi yake imegoma. Tangu Desemba anachonga machipukizi na kutundika mbeta, vile vipande vya mwanzi vya kukingia ulanzi, na asubuhi anazikuta kavu. Mwanzi usiotoa ulanzi wakati wa mvua, alisema, hajawahi kuuona, wala baba yake hakuwahi kuuona.

Futi ya thelathini niliwasha tochi. Kuta za kisima zilikuwa zimevaa nyuzi nyeupe, nene kama nywele zilizosukwa, zimepangana kutoka juu hadi chini. Tope la chini lilikuwa limefunikwa nazo kabisa. Niliweka kiganja. Zilitetemeka mara moja, zikatulia. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika arobaini zilitetemeka tena.

Nilihesabu mara tatu zaidi kwa sababu sikutaka iwe kweli. Kila sekunde arobaini.

"Umeona nini?" Zakayo aliuliza kutoka juu.

"Nivute."

"Nimekuuliza umeona nini."

"Nivute, Zakayo."

*

Tangu Sheria ya Uzio ipite, kila taasisi inaishi kwa maji yaliyo ndani ya uzio wake. Mito yote inalindwa kwa ajili ya mashamba ya taifa. Ukikutwa umevuta tone kutoka nje, unafungwa. Vyuo vingi vilikufa katika miaka mitano ya kwanza. Lihanga haikufa kwa sababu ya Utando.

Utando ni jamii ya uyoga, ila hautoi kichwa. Wote uko chini ya ardhi, nyuzi tupu. Dk. Subilaga Mwaisaka aliuotesha kwenye maabara yake miaka kumi na moja iliyopita, tukautandaza chini ya chuo kizima, nami nilikuwa mmoja wa wachimbaji. Ulishikana na mizizi ya miti. Unakunywa maji machafu ya mabafu na jikoni, unakunywa mvua na umande, unayachuja, unayaleta kwenye matangi yakiwa safi kuliko ya mvua yenyewe. Wageni walikuja kutoka kila mahali kupiga picha msitu wetu wa kijani na ile mita ya getini inayosoma sifuri. Wanafunzi elfu nne na mia mbili, na hakuna tone linaloingia kutoka nje.

Utando una mahali pa kupokelea amri. Tunapaita moyo. Ni tangi la saruji chini ya karakana yangu, limejaa nyuzi nene kama mkono, na ndani yake kuna vyuma vinavyopeleka umeme mdogo. Pigo moja ni kunywa. Mapigo mawili ni kutoa. Mchana kutwa moyo unapiga pigo moja, kila sekunde arobaini. Nimelisikia kwa miaka kumi na moja nikiwa nakula, nikiwa nasinzia, nikiwa nagombana na vijana wangu kuhusu spana.

Hata hivyo sikutaka kuamini kiganja. Fundi bomba akitafuta mahali panapovuja hutumia rangi. Jumapili nilirudi Idunda na ndoo ya maji na kilo moja ya rangi nyekundu, ile isiyochujika hata na Utando, nikaimwaga kisimani. Zakayo aliniuliza kama huo ndio uganga wanaotufundisha chuoni. Nikamwambia angoje.

Siku ya nne, saa mbili asubuhi, binti yangu Yusta alinipigia simu kutoka bwenini. Yuko mwaka wa mwisho, anasomea uuguzi. Ni wa kwanza katika ukoo wetu kupita lile geti bila kubeba koleo.

"Baba, mmetufanyia nini? Maji yana rangi ya juisi ya rozela. Wenzangu wanajipiga nayo picha."

"Usinywe."

"Kwani ni nini?"

"Rangi tu. Usinywe, na waambie wenzako wasinywe."

Nilikaa kwenye ngazi za karakana. Chini yangu moyo ulikuwa unapiga.

*

Dk. Subilaga alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Ni mwanamke wa miaka sitini, mfupi, anayekunywa chai ya rangi kutoka kwenye chupa moja tangu asubuhi hadi jioni.

"Haiwezekani," alisema. "Mtaro wa mpaka una kina cha mita sita na umejaa chumvi. Hauwezi kuuvuka."

"Haukuvuka kutoka kwetu, Daktari. Ulitoka kwao."

"Ulifikaje kwao?"

"Mbolea."

Alifunga chupa ya chai taratibu. Kila tunaposafisha moyo tunatoa mabaki, nayo ni mbolea isiyo na mfano. Kanuni aliiandika yeye mwenyewe: ianikwe juani siku tano, igeuzwe mara mbili kwa siku, ndipo ipite getini. Jua linaua nyuzi.

"Ulianika siku ngapi, Fundi?"

"Mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Mama mkwe alikuwa anapanda viazi, na mawingu yalikuwa yameshafunga. Singeweza kwenda ukweni mikono mitupu."

"Ukampelekea kiasi gani?"

"Magunia manne."

"Magunia manne kwenye shamba moja. Tunaweza—"

"Hayakubaki shamba moja. Aliwagawia watu wa jumuiya yake ya sala, beseni moja kila nyumba. Nyumba kumi na saba. Angebaki nayo peke yake wangemwona mchoyo."

Hilo lilikuwa miaka mitatu nyuma. Daktari alifungua taarifa zake kwenye skrini, akazitazama muda mrefu. Miaka miwili na nusu maji yetu yalikuwa yanaongezeka, na kila mwaka chuo kilipewa tuzo kwa hilo. Waliandika kwamba Utando umekomaa.

"Ulisikia pigo," alisema polepole. "Ulikuwa kule mdogo, peke yake, ukasikia pigo la moyo kwenye ardhi, ukaufuata. Ulipita chini ya mtaro. Sasa ni mwili mmoja."

"Tunakunywa kiasi gani kutoka kwao?"

"Nusu."

Alitoka kwenda kwa Makamu Mkuu wa chuo. Nilimngoja saa mbili. Aliporudi hakukaa.

"Jumatatu watachimba. Katapila kubwa, kina cha mita kumi na tano, mpaka wote. Wakaguzi wa Sheria ya Uzio wanakuja Ijumaa ya wiki hiyo, na kufikia siku hiyo tutakuwa tumekatana na kijiji."

"Unakumbuka uwanja wa mpira," nilisema.

"Nakumbuka."

Mwaka wa tatu mtu alichimba shimo la nguzo na kukata kipande cha Utando kilichokuwa chini ya uwanja. Kipande kilichokatwa hakisikii pigo. Hakijui kutoa. Kinajua kunywa tu. Siku ya tisa ardhi ilipasuka kutoka goli hadi goli, na lile goli la mashariki lilizama hadi kwenye mwamba wa juu. Hadi leo hapaoti nyasi.

"Kile kilikuwa cha ukubwa wa uwanja," nilisema. "Hiki ni kijiji."

"Wamesema watu watahamishwa."

"Wapi? Kuna mahali gani penye maji pasipo na uzio?"

Alimimina chai, akaiacha mezani.

"Na tukiweka mrututu?"

Aliinua macho. Mrututu ni ile chumvi ya buluu wanayopulizia kahawa. Hakuna uyoga unaoupenda.

"Ukiuweka kwenye moyo utakwenda kila mahali," alisema. "Utando utakufa wote, huku na kule. Miti itakufa nao, kwa sababu haijui tena kunywa peke yake. Chuo kitafungwa. Kule kijijini maji yatarudi visimani, lakini yatakuwa na sumu miezi minne, labda mitano. Halafu yatakuwa maji ya kawaida. Na hiyo ni miaka kumi na moja ya maisha yangu."

"Sikukuuliza habari za miaka yako, Daktari."

"Najua. Nimekwambia ili ujue." Akaketi. "Sikupi ruhusa."

"Sijaomba."

"Funguo za moyo ziko wapi?"

"Kiunoni kwangu."

Alizitazama. Mkono wake ulikuwa mezani, kiganja kikiwa wazi. Nilingoja aseme nizitoe. Hakusema.

*

Alhamisi jumuiya ilikutana kwa Bi Oresta. Walipomaliza sala niliomba nafasi, nikasimama, nikawaambia yote. Zile siku mbili za kuanika sikuzificha.

Hakuna aliyepiga kelele. Zakayo ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo shemeji ulituletea nyoka, ukasema ni mkanda."

"Ndiyo."

"Na sisi tukauvaa. Mama akagawa hadi kwa wajane." Alicheka bila furaha. "Mwaka ule viazi vilikuwa kama vichwa vya watoto. Nikasema hapa dada yangu ameolewa."

Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Fortunata, alikuwa na mimba ya miezi minane, na aliuliza maswali kama mtu anayenunua ng'ombe. Maji ya karibu yako wapi? Mtoni, kilomita tisa, ndoo mbili kwa kaya, na askari anahesabu. Wakikata mtaro, tuna siku ngapi? Kumi, labda kumi na tano. Nyumba zitasimama? Baadhi. Makaburi? Sijui, nikasema. Ardhi itafunguka.

"Na ukiweka hiyo dawa yako ya kahawa, tutangoja miezi minne."

"Au mitano. Mtu asiguse maji ya kisima. Hata ya kufulia."

"Kwa nini tuamini hiyo miezi minne? Hata zile siku tano hukuweza kuzihesabu."

Bi Oresta, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, aliongea akitazama chini.

"Kiu ya miezi minne nitaihesabu," alisema. "Hiyo nyingine haina namba." Kisha akauliza, "Na Yusta?"

"Sijamwambia, mkwe."

"Mwambie kwanza. Usimfanyie ulivyotufanyia sisi."

*

Yusta nilimkuta Jumamosi mchana nje ya bwalo, kwenye kivuli cha misindano, ana sahani ya makande. Nilimweleza. Alikula hadi nikamaliza, kisha akaweka kijiko chini.

"Unaniuliza au unaniambia?"

"Nakuambia."

"Basi ondoa hiyo sura ya mtu anayeuliza." Alifuta mdomo. "Imebaki miezi mitano, baba. Mitano."

"Najua."

"Humu tuko elfu nne na mia mbili. Kule ni kaya mia moja na sitini."

"Hesabu naijua."

"Unaijua, lakini bibi yuko upande mmoja wa hesabu."

"Ndiyo."

"Angekuwa si bibi?"

"Nisingejua kama kisima kimekauka. Wangechimba mtaro, nami ningeshika koleo."

Wenzake wawili walipita wakimsalimia, wakaniamkia, nikaitika.

"Unataka niseme sawa," alisema baadaye. "Sitasema. Nikisema sawa utakwenda kulala. Bibi sitaki afe, na mtihani wangu nautaka. Vyote viwili ni kweli na wewe ndiye uliyevifunga pamoja kwa magunia manne ya mbolea."

Aliinuka na sahani yake. Alipofika mlangoni alisimama kama anataka kurudi, kisha akaingia.

*

Jumapili saa nne asubuhi chuo kilikuwa kimya, watu wengi wakiwa ibadani. Katapila lilikuwa limeshafika, limeegeshwa karibu na uzio. Nilichukua kilo arobaini za mrututu kutoka ghala la idara ya kilimo, nikaziyeyusha kwenye mapipa mawili, nikashusha mapipa kwa winchi ya karakana.

Nilipofungua kifuniko cha moyo, harufu ilikuwa ileile ya udongo baada ya mvua. Nyuzi zilikuwa safi, nyeupe, zimenona. Niliweka paneli ya amri kwenye pigo moja, nikapunguza muda kutoka sekunde arobaini hadi tano. Kunywa. Kunywa. Kunywa. Kisha nikamimina.

Ulikunywa. Hilo ndilo sikulitegemea, kwamba ungekunywa kwa utii namna ile. Buluu iliingia kwenye nyuzi, ikasogea kuelekea ukutani kama wino kwenye pamba, ikatokomea ardhini. Nilipomaliza pipa la kwanza nilisikia ukitetemeka. Nilipofika katikati ya pipa la pili ulianza kupiga wenyewe, nje ya amri ya paneli. Mawili. Mawili. Mawili. Ulikuwa unatoa kila ulichonacho. Juu yangu mabomba yalianza kulia, matangi yakafurika, na wanafunzi waliotoka ibadani walikuta maji yanashuka ngazi za mabweni wakadhani ni bomba limepasuka.

Niliwasha king'ora cha sumu, nikafunga valvu kubwa. Saa sita na dakika kumi moyo uliacha kupiga.

Dk. Subilaga alikuja peke yake, kabla ya walinzi. Alishuka ngazi akishikilia ukuta, akaingiza mkono tangini hadi kwenye kiwiko, akakaa hivyo.

"Osha huo mkono, Daktari," nilimwambia.

"Ngoja kwanza," alisema.

Majani yalianza kudondoka siku ileile, mabichi.

*

Maji yalirudi Idunda siku ya tisa. Niliambiwa nikiwa mahabusu. Visima vilijaa hadi futi ya kumi na tano, na watu wakavifunga kwa minyororo kama walivyokubaliana, wakaandika mabango kwa chaki na kwa rangi, wakaweka zamu ya kulinda watoto. Hakuna aliyekunywa kisimani. Wale watu walishika neno kuliko nilivyolishika mimi.

Mianzi hatukuifikiria. Daktari hakuifikiria, Mama Fortunata aliyeuliza kila kitu hakuiuliza, na mimi nilizungumza habari za visima tu. Mizizi ya mwanzi haishikani na Utando kama ya miti. Mwanzi haukufa. Nyuzi zilipooza na kuachia maji yao, mwanzi uliyanywa, na siku ya kumi na moja mbeta za Zakayo zilijaa hadi zikamwagika. Alipita nyumba hadi nyumba akiimba. Watu wengi walionja wakatema, wakasema una ladha ya sarafu. Yeye alisema ni ulanzi wa kwanza tangu Desemba, lazima uwe mkali. Alikunywa lita tatu. Alimpelekea Mama Fortunata kikombe, naye alikunywa kwa sababu alikuwa na kiu na mto ulikuwa kilomita tisa.

Gharama ni hii.

Miti elfu thelathini na moja na mia nne ndani ya uzio. Yote. Siku kumi na mbili.

Wanafunzi elfu nne na mia mbili walirudishwa makwao. Waliopata nafasi vyuo vingine hadi leo ni mia sita na watatu. Yusta hayumo. Anasaidia zahanati ya Idunda, bila cheti, na mimi hunisalimia kwa Shikamoo tu.

Dk. Subilaga, vidole viwili vya mkono wa kulia, ngozi iliyoungua ikaoza. Kazi pia.

Mimi, miaka mitatu na miezi miwili gerezani.

Visima kumi na saba vilifungwa siku mia moja sitini na moja. Nilikuwa nimesema miezi minne, au mitano. Kilomita kumi na nane kwa siku, kwenda na kurudi, siku mia moja sitini na moja.

Kaya zilikuwa mia moja na sitini. Arobaini na nane zilihama. Mia moja na kumi na mbili zipo, zinalima, zinateka maji mlangoni.

Zakayo Mtweve, miaka arobaini na mmoja. Alikufa siku ya nne baada ya kunywa, mama yake akiwa amemshika miguu.

Mtoto wa Mama Fortunata, wa kike. Alizaliwa kabla ya wakati wake, akaishi saa sita. Hakuwa amepewa jina.